Bahari Ndani ya Herufi, Jamani!

Jamani, jamani, jamani! Kama una PowerPoint kwenye kompyuta yako ifungue sasa hivi, maana nimetoka kukichezea hiki kitu na vidole bado vinaniwasha. Kukropu picha! Najua unacheka. Nani asiyejua kukropu? Subiri kwanza, mwenzangu.

Tafuta picha. Mimi niliweka ya jahazi likipita mbele ya Forodhani, Zanzibar, tanga limetuna, na maji kibao na boti moja pembeni. Nenda kwenye Crop, lakini bonyeza kile kishale cha chini, chagua "Crop to Shape", halafu duara. Pap! Picha imekuwa yai. Rudi kwenye kishale, chagua uwiano wa 1:1, na yai linageuka mviringo safi, mzuri, umetulia tuli. Na bado!

Sasa ishike picha yenyewe uivute. Weee! Duara halitikisiki hata kidogo, bahari ndiyo inayotembea ndani yake! Jahazi linaingia polepole kutoka kushoto, linasogea, linasogea, linajaa katikati, na kilichobaki nje unakiona kimefifia rangi ya kijivu, kipo palepale. Hapo ndipo nilipopagawa. Kumbe hakuna kilichokatwa, kimefichwa tu! Kesho bosi akiulizia ile boti iliyokuwa pembeni, unafungua Crop tena, unavuta vile vipini vyeusi, boti hiyo inachomoza, nzima kabisa. (Ila sikiliza: kama ulichoficha ni namba ya kitambulisho cha mtu, usitume faili hivyo hivyo. Pita kwanza kwenye Compress Pictures ufute sehemu zilizokropiwa, la sivyo anayejua ataifukua.)

Halafu rudi kwenye Crop to Shape, uchague mstatili wenye pembe za mviringo. Kuna kidoti kidogo cha njano, kidogo mno. Kiburute taratibu uone pembe zinavyolainika zenyewe, laini, laini zaidi... nilikuwa nakivuta mbele na nyuma bila sababu yoyote ya maana!

Na bado, maana hatujafika kwenye herufi!

Andika ZANZIBAR kwa fonti nene, nene haswa, kwa sababu fonti nyembamba itameza picha yote usione kitu. Yaweke maandishi juu ya picha. Bofya picha KWANZA, shikilia Shift, bofya maandishi, kisha nenda Merge Shapes, bonyeza Intersect. Uwiii! Kila kitu kinatoweka isipokuwa herufi, na ndani ya herufi kuna maji! Z ina mawimbi, A imebeba kipande cha tanga, R imejaa anga tupu la buluu. Ukianza kubofya maandishi unaambulia herufi za rangi kavu, basi, utamu wote umekwisha. Na rudufu slaidi kabla hujaunganisha, maana baada ya hapo huwezi tena kusahihisha tahajia.

Wa Google Slides, msininunie. Herufi hizo kwenu hazipo, lakini kishale kilicho pembeni ya alama ya kukropu kina maumbo tele, na ukibofya picha mara mbili unaisogeza ndani ya umbo vilevile, raha ileile.

Haya niacheni, kuna umbo la wingu sijaligusa kabisa na picha za harusi ya binamu yangu zinanisubiri, tena zile za mashangazi na vilemba vyao, halafu kuna nyota, kuna moyo, na bado!