Programu Inamfundisha Nani? Uhakiki wa Andalio Moja la Somo

Makala haya yanahakiki andalio la somo la Kiswahili, nalo ni langu mwenyewe. Nililiandika wakati wa mazoezi ya kufundisha, kidato cha pili, katika shule moja ya sekondari wilayani Mukono. Mada ilikuwa upatanisho wa kisarufi katika ngeli ya KI-VI. Kwenye safu ya zana niliandika "Duolingo, kompyuta sita", na msimamizi wangu akaweka alama ya vema. Hakuuliza, wala mimi sikujiuliza, programu ile ilitungwa kwa ajili ya nani.

Kozi hiyo ya Kiswahili, iliyofunguliwa mwaka 2017, inamlenga anayezungumza Kiingereza. Kwake ngeli ni jambo geni, kwa hiyo ni haki apitishwe polepole. Wengi wa wanafunzi wangu huzungumza Kiganda nyumbani. Anayesema "ekitabo kino kinene, ebitabo bino binene" ameujua upatanisho kabla hajaingia shuleni. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba "kitabu hiki kikubwa, vitabu hivi vikubwa" hufuata njia ileile. Ubaoni ni kazi ya dakika kumi. Mimi nilitumia vipindi viwili.

Kibaya zaidi ni tathmini. Msichana mmoja alisoma "Mtoto anasoma kitabu" akacheka, maana kwao husema "Omwana asoma ekitabo". Maana aliipata papo hapo. Alipotakiwa kuiandika kwa Kiingereza, akakwama. Nami nikaingiza alama ya chini katika daftari la Kiswahili kwa sababu ya udhaifu wa Kiingereza! Mtaala ulioanza mwaka 2020 unalifanya somo letu kuwa la lazima katika vidato viwili vya kwanza tu; kuanzia cha tatu ni hiari. Mwenye alama kama ile hatarajiwi kulichagua.

Wakati huohuo, pale Mganda anapoteleza kweli, andalio langu lilinyamaza. "Juma anatunda maembe" kwa Kiswahili anayachuma mtini. Kwa sikio la Kiganda anayauza, kwani "okutunda" ni kuuza. Karibu nusu ya darasa walimpeleka Juma sokoni. Vivyo hivyo "kufuga": kwa kuwa "okufuga" ni kutawala, mfugaji wa ng'ombe akawa mfalme wao. Tulicheka sana, lakini makosa hayo yalitabirika, na kuyatabiri ilikuwa kazi yangu, si ya kompyuta.

Sisemi programu itupwe. Darasani mlikuwa na mvulana Mwacholi, ambaye lugha yake si ya Kibantu. Yeye alifaidika na yale mazoezi ya polepole kuliko wenzake wote, lakini hakupata zamu ndefu kuliko wao kwenye kompyuta, kwa sababu niligawa muda sawasawa kwa wote.

Andalio nililoliandika upya linaanza na swali: nyumbani mnazungumza lugha gani? Sentensi za Kiganda na Kiswahili zinafuata ubaoni zikiwa sambamba, kisha maneno yanayodanganya. Kompyuta zinakuja mwisho, kwa wanaozihitaji, na majibu yake hayaingizwi kwenye daftari la alama. Alama ya yule msichana nimeandika barua kuomba irekebishwe. Bado sijajibiwa.