Seva Iliyo Chini ya Meza

Fundi wa tovuti hatambuliki kwa tovuti zake peke yake. Chungulia chini ya meza yake. Ukikuta laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, kifuniko kimefungwa, waya umechomekwa kwenye rauta na kijitaa kinamulika, basi umefika kwa mtu anayeiheshimu kazi. Hiyo ni seva yake ya nyumbani, mahali ambapo kila tovuti hukaa na kusumbuliwa kabla mtu wa nje hajaiona.

Watu husikia neno seva wakafikiria majengo yenye ubaridi na walinzi getini. Kumbe seva ni programu tu, inayokaa macho ikingoja kuulizwa na kujibu. Ya kwanza kabisa ya wavuti ilikuwa kwenye kompyuta ya mezani, NeXT ya Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, pale kwenye maabara ya CERN mwishoni mwa 1990. Ilibandikwa kikaratasi chenye wino mwekundu kilichowasihi wapita njia wasiizime. Kwa hiyo anayeanza na mashine ya mitumba chini ya meza hajapungukiwa na kitu. Apache, programu ya seva yenyewe, ipo tangu 1995 na ni ya bure, Debian, mfumo wa Linux wa kuiendeshea, nayo ni ya bure, na laptopu ambayo haiwezi tena kufungua michezo ya watoto inaitosha kazi hii na kubakiza.

Fundi ninayemsema anaishi Tanga, na wateja wake ni nyumba za wageni, shule na maduka. Nimekaa pembeni yake mara nyingi, na ninachokipenda ni kwamba haanzii kwenye tovuti. Anaanzia kwenye kifuniko. Laptopu ukiifunga hulala, na seva iliyolala si seva. Anafungua faili la logind.conf, anatafuta mstari wa HandleLidSwitch, anaandika ignore, anaifunga mashine na kuisukuma chini ya meza. Tangu hapo haigusi tena kwa mkono. Kila amri anaituma kwa SSH kutoka kompyuta nyingine. Betri yake imechoka, lakini inatosha kuvuka mkatiko mfupi wa umeme. Feni inasimama, taa zinazima, watoto wanapiga kelele, Apache inaendelea kama kawaida. Kuna watu wamenunua mashine mpya ya mezani isiyo na betri kwa kazi hiyohiyo, na siwaelewi.

Halafu yanakuja mafaili ya mipangilio. Apache ya Debian ina folda mbili ambazo mgeni huziona kama marudio ya bure: sites-available na sites-enabled. Ya kwanza inaweka maelezo ya tovuti zote ulizonazo. Ya pili ina viungo tu, vinavyoelekeza kwenye zile ulizoziruhusu kufanya kazi kwa sasa. Kuiwasha tovuti unaandika a2ensite na jina lake, kuizima unaandika a2dissite, na hakuna kinachofutwa. Tovuti ya shule inaweza kupumzika mwaka mzima, ikaamshwa mwalimu mkuu akipiga simu.

Zote hizo hukaa kwenye anwani moja bila kugombana, kwa sababu kivinjari kikibisha hodi hutaja jina la tovuti kinayoitafuta; kanuni ya HTTP/1.1 ililifanya jambo hilo kuwa la lazima mwaka 1997. Jina lisilojulikana hupelekwa kwenye tovuti iliyosomwa kwanza, na mafaili husomwa kwa mpangilio wa alfabeti. Ndiyo sababu faili la chaguo-msingi linaitwa 000-default.conf. Wengi huliacha lilivyo. Huyu ameliwekea ukurasa mweupe wenye neno moja, HAPANA. Akikosea herufi kwenye jina anaambiwa palepale, badala ya kuletewa tovuti ya mteja mwingine akaihangaikia hadi jioni. Na kabla ya kuipa Apache mipangilio mipya, anaandika apache2ctl configtest na kungoja Syntax OK. Sijamwona akiruka hatua hiyo hata pale alipobadilisha nukta moja.

Majina ya tovuti zake za majaribio yote yanaishia na .test. Mwisho huo ulitengwa rasmi mwaka 1999 kwa ajili ya kazi hii, kwa ahadi kwamba hakuna atakayeuziwa. Zamani wengi walipendelea .dev, ni tamu mdomoni, nakubali. Ila Google iliimiliki, na mwishoni mwa 2017 Chrome ikaanza kulazimisha kila jina la .dev lipite kwa HTTPS. Seva nyingi za nyumbani zikagoma kufunguka ilhali wenyewe hawakuwa wamegusa kitu.

Mpaka hapo ni kazi ambayo yeyote mwenye subira ataiweza. Ufundi wenyewe uko kwingine: kuifanya mashine hii ifanane na ile ambako tovuti itaishi, pamoja na ukali wake. Fundi cherehani hupiga bandi akiwa na vipimo vya mteja mkononi, hapimi kwa mwili wake mwenyewe. Kompyuta ya mtengenezaji ina upole unaodanganya. Chukua picha ya bwawa la kuogelea iliyohifadhiwa kama Bwawa.JPG, na ukurasa unaoiita bwawa.jpg. Kwenye Windows inaonekana bila shida, kwa sababu Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Linux inatofautisha, na seva nyingi za kukodi ni Linux. Matokeo yake tovuti inapendeza siku zote za matengenezo, kisha siku ya kuzinduliwa, mbele ya mkurugenzi, pale penye bwawa panabaki kisanduku kitupu. XAMPP, ambayo imewafundisha vijana wengi kazi hii tangu 2002, siidharau. Lakini anayeishia hapo, tena juu ya Windows, hajawahi kukutana na mashine kali.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote fundi wangu huuliza kampuni inayokodisha seva wanatumia lugha ya PHP toleo gani, hifadhidata gani, faili la kupakia linaruhusiwa ukubwa kiasi gani. Kisha anaiwekea seva yake hivyohivyo, hata kama toleo lenyewe ni kuukuu na linamkera. Mafaili hayapi ruhusa ya 777, ile ya kila mtu kuandika anavyotaka, ambayo hunyamazisha makosa yote ya ruhusa na kuyaacha yangoje mbele. Folda ni 755, mafaili ni 644, na kama Apache inayotumia jina la www-data imeshindwa kuandika mahali, anatafuta kwa nini.

Kilichonivutia kuliko vyote ni namna anavyoichelewesha. Seva iliyo chini ya meza hujibu kwa milisekunde moja au mbili, na hakuna mgeni duniani atakayeipata tovuti kwa kasi hiyo. Kuna amri ya Linux iitwayo tc inayoweza kuchelewesha kila pakiti kwa milisekunde 300 na kupoteza chache njiani. Anaiwasha, kisha anamwita mteja. Nilikuwepo siku alipokuja mama mwenye nyumba ya wageni na simu yake ndogo, akaunganishwa kwenye Wi-Fi ya hapo. Simu haina pa kuandika majina ya .test kwa urahisi, hivyo fundi alikuwa ameweka dnsmasq kwenye seva na kuiambia rauta iulizie majina huko. Mama akafungua, akasubiri.

“Mwanangu, mbona inazunguka tu?”

“Nimeipunguza kasi makusudi, mama. Wageni wako wengine wataifungua wakiwa ndani ya basi.”

“Basi zitoe hizo picha. Mimi mwenye nyumba nimeshachoka kusubiri, sembuse mgeni?”

Picha ambazo alizipigania wiki nzima ziwepo, alizifuta mwenyewe kwa mdomo wake.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alirudi kwenye kumbukumbu za Apache, ambazo huziacha wazi kwenye dirisha la pembeni zikitiririka kwa tail -f. Mstari mmoja hueleza mengi: anwani ya aliyeomba, saa, alichoomba, namba ya jibu, na ukubwa wa jibu kwa baiti. Wengi hutafuta 404 na 500, makosa yanayopiga kelele. Alinyoosha kidole kwenye mstari wenye 200, yaani mambo shwari, lakini wenye ukubwa wa tarakimu saba. Ilikuwa picha ya lango la kuingilia, iliyoonekana ndogo kwenye kioo cha simu lakini ikisafirishwa kama ilivyotoka kwenye kamera, karibu megabaiti tano. Haikuwa imekosea kitu. Ilikuwa inamla mgeni bando lake kimyakimya, na hakuna ujumbe wa kosa ambao ungekuja kulisema hilo.

Kuhusu barua pepe ana msimamo ambao wengine huuona kama uoga. Hifadhidata ya mteja ikinakiliwa kwa majaribio huja na majina na anwani za watu halisi, na kitufe kimoja cha kujaribu kinaweza kuwaamsha wote usiku wa manane kwa ujumbe unaosema jaribio jaribio. Anaharibu anwani zote kabla nakala haijaingia kwenye seva. Halafu barua zote zinazotoka anazielekeza kwenye Mailpit, programu inayozipokea na kuzionyesha kwenye ukurasa bila kuzipeleka popote. Kimoja kingetosha. Anaweka vyote viwili, na tangu Tanzania ipate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 hata wateja wameacha kumcheka.

Tovuti ikishahamia kwenye seva ya kukodi, nakala ya chini ya meza haifutwi. Bei mpya za vyumba zinapita hapo kwanza, na lugha ya pili ya menyu, na kila kirekebisho ambacho mteja anakiita kidogo. Kazi kubwa huja kampuni inapotangaza kupandisha PHP. Toleo la 7, lililotoka Desemba 2015, liliziondoa kabisa amri za kale za kuzungumza na hifadhidata ya MySQL, na tovuti zilizozitumia zilikufa papo hapo zilipohamishiwa huko. Kwa hiyo tangazo la namna hiyo likifika, naye anapandisha la kwake kabla ya tarehe iliyotajwa, anaamsha tovuti moja baada ya nyingine kwa a2ensite, anafungua tail -f, na kuanza kubofya kurasa zote, hata zile ambazo mwenyewe anajua hazitembelewi na mtu.