Pointi 17: kazi ya kocha wa chuo na miguu ya Watanzania

Mwambie mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, habari za riadha, atakujibu kwamba mbio ni za watu wa Karatu, Mbulu na Arusha. Kariakoo ni ya mpira, Simba huku na Yanga kule. Anaamini kwamba mkimbiaji hutengenezwa na mlima. Kocha mmoja wa chuo aliwahi kuonyesha kwamba mlima ni sehemu tu ya habari, na ushahidi wake umebaki kwenye karatasi ya matokeo ya mwaka 1981. Katika fainali ya mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani, timu yake ilishinda kwa pointi 17. Tuichambue namba hiyo.

Mbio za nyika za vyuo huhesabiwa kwa nafasi. Anayemaliza wa kwanza huipa timu yake pointi 1, wa pili huipa 2, wa thelathini huipa 30. Timu hushusha wakimbiaji saba, lakini wanaohesabiwa ni watano wake wa mwanzo, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Chini ya 15 haiwezekani: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kwa hiyo ukiona 17, ujue kwamba kati ya saba wa kwanza wanaohesabiwa katika mashindano ya nchi nzima, watano walivaa jezi moja.

Hapa nyota mmoja hafui dafu. Chuo chenye bingwa aliyefuatwa na wenzake katika nafasi ya 40, 50, 60 na 70 kina pointi 221. Chuo kisicho na bingwa, ambacho watu wake wamemaliza wa 8, 10, 12, 14 na 16, kina 60, nacho ndicho kinachobeba kombe. Kamba hukatikia pembamba, na wembamba wa timu ya nyika ni mtu wake wa tano.

Kocha huyo ni Ted Banks, na chuo chake ni Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, mji wa jangwani unaopakana na Mexico. Timu yake ilitwaa ubingwa wa nyika mara nne mfululizo, 1978 hadi 1981. Ukijumlisha na mataji ya uwanja wa ndani na ya uwanja wa nje, kazi yake pale ilizaa mataji zaidi ya 15 ya taifa katika muda wa takriban muongo mmoja. Aliyapataje?

Kwanza, alisoma kanuni kabla ya kusoma wakimbiaji. Mwaka wa riadha ya vyuo Marekani una misimu mitatu: nyika wakati wa vuli, uwanja wa ndani wakati wa baridi, uwanja wa nje wakati wa masika yao. Mrusha kisahani hakimbii nyika. Mkimbiaji wa mita 100 vilevile. Mtu wa mbio ndefu anashindana misimu yote mitatu. Nafasi za ufadhili wa masomo zilikuwa na kikomo, hivyo aliyempa nafasi mtu wa mbio ndefu alilipa mara moja na kuvuna mara tatu. Uwanjani ushindi mmoja una pointi 10, na mtu wa masafa marefu anaweza kukimbia mita 5,000 na 10,000 katika mashindano yaleyale. Hesabu hiyo hata muuza vitenge wa Kariakoo angeielewa bila kalamu.

Pili, alichukua watu waliokwisha kukomaa. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara mwaka 1953, alikuwa na miaka 26 alipotwaa taji lake la kwanza la vyuo la mita 10,000 mwaka 1979. Alilitwaa tena 1980, 1981 na 1982. Mtanzania mwenzake, Gidamis Shahanga, alikwisha kushinda dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978. Naye Zakaria Barie alikuja kuwa bingwa wa nyika wa vyuo mwaka 1983, Banks akiwa amekwisha kuondoka. Kuwaweka watu kama hao mbele ya vijana wa miaka 19 kulizua manung'uniko mengi Marekani, na baadaye kanuni za umri zikakazwa. Manung'uniko hayo hayakuwa ya bure, na sifa za Banks zisituzibe macho: hakuwazaa wakimbiaji hawa. Aliwapokea wakiwa wamekwisha kufundwa nyumbani.

Alichowapa ni jambo la tatu, nalo ndilo kubwa: ratiba. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kususia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya Afrika Kusini ya ubaguzi, na kizazi kizima cha wanariadha kikakosa jukwaa. Kisha ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na nchi ikakaza mkanda. Mkimbiaji wa Tanzania hakukosa mapafu wala moyo, alikosa mashindano. El Paso alishindana msimu baada ya msimu, na wenye kasi kama yake.

Tazama matunda yake. Olimpiki ya Moscow 1980, Nyambui alipata fedha ya mita 5,000 kwa dakika 13:21.60, sekunde 0.69 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Tarehe 6 Februari 1981, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alikimbia umbali uleule kwa 13:20.4, muda bora duniani kwa uwanja wa ndani wakati huo. Njia ya ukumbi ule ilikuwa na mita 146 tu, kwa hiyo alizunguka mara 34 na ushee, kona baada ya kona, na bado wastani wake ulikuwa sekunde 32 kwa kila mita 200. Mwendo wa namna hiyo haufundishiki kwa maneno. Mwili huuzoea kwa kushindana mara nyingi, mpaka mapigo ya moyo yageuke saa.

Na ule mlima? El Paso ina mwinuko wa mita 1,140 hivi kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na uso wa Ziwa Viktoria, ambalo Majita iko kando yake. Kijana aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa hakupewa hewa mpya Texas. Alipewa kalenda.

Turudi mjini. Vyuo vya DIT na CBE viko hatua chache kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja, na IFM hakiko mbali. Katikati ya jiji ardhi ya kujenga uwanja wa mita 400 haipatikani tena, na hapo ndipo mjadala wetu wa riadha ya vyuo huishia kila mara. Lakini nyika haitaki uwanja. Inataka njia iliyopimwa, saa, na karatasi ya kuandikia nafasi. Husimuliwa kwamba mkimbiaji Filbert Bayi, alipokuwa askari hapa Dar es Salaam, alifukuzana na mabasi ya mjini: basi likiondoka naye aondoka, likisimama kupakia abiria apumua. Kwa lugha ya makocha hayo ni mazoezi ya vipande, na abiria ndio waliomshikia saa. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Bayi aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.16.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa michezo wa vyuo vya katikati ya jiji ni dogo. Kila chuo kiteue wanafunzi saba. Jumamosi moja kila mwezi, alfajiri, kabla mikokoteni haijaziba Msimbazi, wakutane Mnazi Mmoja na kukimbia kilomita nane. Hesabuni watano wa mwanzo wa kila chuo, jumla ibandikwe ubaoni Jumatatu. Msimtafute Nyambui mwingine mwaka wa kwanza. Mtafuteni mtu wa tano, kwa sababu kombe liko mikononi mwake.