Mahasimu Matajiri na Muswada wa Magereza

Februari 2015, mjini Washington, ulizinduliwa muungano wa kudai mageuzi ya magereza ulioitwa Coalition for Public Safety. Fedha za kuanzia, dola milioni 5, zilitoka kwa Koch Industries, kampuni ya ndugu wa Koch wa Kansas, na kwa taasisi za Ford, MacArthur na Arnold. Mwaka uliotangulia, kiongozi wa Democrat katika Seneti, Harry Reid, alikuwa akiwashambulia akina Koch mara kwa mara ndani ya ukumbi wenyewe. Nao, mwezi mmoja tu kabla ya uzinduzi, mtandao wao wa wafadhili wa kihafidhina ulitangaza kwamba ungetumia dola milioni 889 kuelekea uchaguzi wa 2016. Ilikuwaje basi meza hiyohiyo ikakaliwa na Center for American Progress, jiko la sera za Democrat, pamoja na ACLU, shirika la haki za kiraia ambalo miezi michache nyuma lilipewa dola milioni 50 na mfuko wa George Soros, bilionea mfadhili wa Democrat, kwa kazi ya kupunguza wafungwa?

Jibu rahisi ni kwamba fedha hununua kura. Silikubali. Kwa siasa za Marekani, dola milioni 5 ni nauli tu. Kilichonunuliwa ni kinga. Tangu tangazo la Willie Horton, mfungwa aliyefanya uhalifu akiwa likizoni kutoka gerezani, lilipomchafua Michael Dukakis, mgombea urais wa Democrat, mwaka 1988, mwanasiasa wa nchi ile ameishi na hofu moja kubwa: kuitwa mlegevu kwa wahalifu. Hofu hiyo haiondolewi na hotuba ya mpinzani. Huondolewa na wakubwa wa upande wake mwenyewe wakisimama kusema, huyu ni wetu, mwacheni.

Ndiyo maana walioalikwa walichaguliwa kwa hesabu. Americans for Tax Reform walisema gereza ni matumizi ya serikali kama mengine. Faith and Freedom Coalition walikuja na toba na msamaha. NAACP walikuja na kilio cha watu weusi. Mafahali walikaa zizi moja kwa sababu kila mmoja alikuja na nyasi zake. Hakuna aliyelazimishwa kula za mwenzake.

Walikuwa pia na mfano wa kuonyesha. Mwaka 2007 Texas iliambiwa itahitaji nafasi 17,000 mpya za wafungwa, gharama ikikadiriwa kuwa dola bilioni 2. Jerry Madden wa Republican na John Whitmire wa Democrat wakalishawishi bunge la jimbo kutenga dola milioni 241 kwa matibabu ya waraibu na uangalizi wa nje ya gereza. Kama Texas, jimbo la wahafidhina, imeweza, nani angeita jambo hilo ulegevu?

Akina Koch walikuwa na kidonda chao pia. Mwaka 2000 kampuni yao ilifunguliwa mashtaka 97 kuhusu benzini iliyotoka kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Corpus Christi. Mwaka uliofuata ikakiri kosa moja na kulipa dola milioni 20. Aliyekuwa mwanasheria wao mkuu, Mark Holden, alisema kesi hiyo ndiyo iliyowafungua macho. Hapo ndipo pa kukaziwa macho. Mwaka 2015 Republican katika Baraza la Wawakilishi walileta kifungu cha kumtaka mwendesha mashtaka athibitishe nia ovu hata pale sheria iliponyamaza. Wizara ya Sheria ya Obama ikaona mlango wa kutorokea makampuni. Seneti nako, muswada wa kupunguza vifungo wa maseneta Grassley wa Republican na Durbin wa Democrat ulipita kwenye kamati kwa kura 15 dhidi ya 5, kisha ukaachwa bila kuletwa ukumbini.

Mwaka 2018 wanamageuzi walikuja na muswada mwembamba zaidi. Jared Kushner, mkwewe Trump, ambaye baba yake aliwahi kufungwa, akawa mtu wao ndani ya Ikulu ya Trump. Toleo la kwanza, lisilogusa urefu wa vifungo, lilipita Baraza la Wawakilishi mwezi Mei, lakini ACLU wenyewe walilipinga. Ugomvi huo wa ndani ulizaa matunda: Seneti iliongeza vifungu vya kupunguza vifungo vya lazima, na waliohukumiwa kwa kokeini ya kreki kabla ya 2010 wakapata nafuu. Desemba 18 kura zilikuwa 87 dhidi ya 12, na wote 12 walikuwa Republican. Siku tatu baadaye Trump akatia saini. Kifungu cha nia ovu hakikuwemo.

Sheria hiyo iligusa magereza ya shirikisho tu, ambayo wakati huo yalikuwa na wafungwa wapatao 180,000 kati ya zaidi ya milioni 2 nchini. Kwangu, ufinyu huo ndio ulioivusha.

Ushirikiano haukuishia magerezani: mwaka 2019 Koch na Soros walitoa nusu milioni ya dola kila mmoja kuanzisha Quincy Institute, taasisi ya kupinga vita visivyokwisha. Safari hii hakuna muswada wa kuhesabiwa kura wala miaka ya kifungo ya kupunguzwa, kwa hiyo wafadhili wake watakuwa na kazi ngumu zaidi kuonyesha fedha zao zimebadili nini.