Kofia ya viua: ua linalojengwa kwa tundu

Siku ya Ijumaa mjini Manyoni utaona kofia za kila namna, na nyingi siku hizi hudariziwa kwa mashine. Ukibahatika kushika kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, itazame kwa makini. Ufundi wake hauko kwenye uzi peke yake. Uko pia kwenye matundu.

Kofia ina sehemu mbili: duara la utosini na ukanda unaozunguka kichwa. Maua huchorwa kwanza kwa penseli juu ya kitambaa cheupe cha pamba, kisha tabaka mbili za kitambaa hupigwa bandi zisitelezeane. Mshonaji, ambaye Unguja mara nyingi ni mwanamke anayefanya kazi nyumbani kwake, hufuata mchoro huo kwa wiki nyingi, pengine miezi.

Tundu halikatwi kwa mkasi. Ncha ya chombo chembamba husukuma nyuzi za kitambaa pembeni bila kuzikata, kisha ukingo huzungushiwa uzi, pindi kwa pindi, mpaka ukaze. Nyuzi zilizosukumwa hubanwa humo humo, ndiyo maana tundu halichaniki kofia ikifuliwa mara kwa mara. Matundu yakipangwa kwa mviringo, ua hutokea, na kichwa hupata hewa.

Uzi nao una kazi yake. Pamba ni nyuzi fupi za sentimita chache zilizosokotwa pamoja. Hariri hutoka kwenye kifukofuko ikiwa uzi mmoja wa mamia ya mita, hivyo hupita laini na kung'aa. Ua jeupe la hariri juu ya pamba nyeupe huonekana kwa mng'ao wake tu.

Manyoni iko mbali na pwani, lakini misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na Tabora ilipita Ugogo, na Kilimatinde, wilayani Manyoni, ilikuwa kituo kimojawapo. Mavazi ya pwani yalifika bara kwa njia hiyo, kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Ufundi wa kofia hizi ulivuka bahari pia: kumma, kofia ya Oman, ina asili yake Afrika Mashariki.

Kabla ya kununua, igeuze kofia ndani nje. Ya mashine huonyesha uzi wa chini ukiruka kutoka ua hadi ua. Ya mkono huwa safi karibu sawa na nje. Ukiikuta hiyo, usibishane bei: unalipia miezi ya macho na vidole vya mtu.