Shahidi Asiyejua Kusoma: Jinsi Henry James Alivyowagombanisha Wasomaji

Januari 1899 kitabu kimoja kilipokea hukumu mbili zisizokaa chungu kimoja. Gazeti la The Independent la New York lilikilaani kuwa ni hadithi ya uovu usio na matumaini, likaona aibu kwamba kalamu yenye kipaji imejishusha kiasi hicho. Oscar Wilde, aliyekuwa ametoka gerezani karibu miaka miwili nyuma, alimwandikia rafiki yake barua ya kukisifu kwa sababu ileile: ni hadithi ya ajabu, alisema, na imejaa sumu. Wote wawili walikuwa wamesoma The Turn of the Screw, riwaya fupi ya Mmarekani Henry James iliyotoka kwa vipande 12 katika Collier's Weekly kati ya Januari na Aprili 1898, kisha ikachapwa Oktoba mwaka huo ndani ya kitabu kiitwacho The Two Magics.

Mgawanyiko wa mwanzo ulikuwa wa ladha tu: wengine walichukizwa, wengine walifurahia kuogopa. Ugomvi wenyewe ulikuja baadaye, na haujaisha mpaka leo. Wasomaji hawakubaliani hata juu ya jambo lililotokea ndani ya hadithi.

Kisa kinaelezeka kwa dakika moja. Msichana wa miaka 20, binti wa mchungaji maskini wa kijijini, anaajiriwa na tajiri wa Harley Street, London, akawalee na kuwafundisha watoto wawili yatima, Miles na Flora, katika jumba la shamba liitwalo Bly. Tajiri huyo ni baba yao mkubwa, na sharti lake ni moja: asisumbuliwe kwa lolote. Muda si mrefu msichana anamwona mwanamume asiyemjua juu ya mnara wa nyumba, kisha dirishani. Bi Grose, mtunza nyumba, anamtambua kwa maelezo yake: ni Peter Quint, mtumishi wa zamani wa bwana mkubwa, na Quint amekwishakufa. Baadaye anatokea mwanamke, Bi Jessel, mwalimu aliyetangulia, naye marehemu. Mwalimu mpya anaamini wafu hao wamerudi kuwachukua watoto. Mwisho wa yote Flora anaondolewa Bly akiwa mgonjwa, na Miles anakata roho mikononi mwa mwalimu wake.

Kwa takriban robo karne wengi waliisoma hivyohivyo, kama hadithi ya mizuka. Mwaka 1924 mhakiki Edna Kenton akadai kwamba mizuka ni ya kichwani mwa mwalimu. Miaka kumi baadaye mhakiki mwenzake Edmund Wilson akaivalia njuga hoja hiyo kwa silaha za Freud: msichana amempenda mwajiri wake aliyemwona mara mbili tu, hawezi kulisema hilo hata kwa nafsi yake, na tamaa iliyofungiwa inamtokea kwa sura ya mtu. Wilson alikuwa na ushahidi mzuri. Katika sura ya tatu, dakika chache kabla ya Quint kuonekana mnarani, mwalimu anatembea bustanini jioni akiwaza ingekuwa vizuri kama pale kwenye kona angetokea mtu, amtazame, atabasamu, aridhike naye. Mara mtu anatokea. James hakuiweka ndoto hiyo hapo kwa bahati mbaya.

Wapinzani walijibu kwa sura ya tano. Ikiwa Quint ni ndoto, mwalimu alijuaje kwamba ana nywele nyekundu zenye mawimbi, uso mrefu uliopauka, sharafa chache, na kwamba havai kofia? Hata nguo alizovaa, mwalimu alihisi ni za mtu mwingine, na Bi Grose akathibitisha kwamba Quint alikuwa akivaa fulana za bwana mkubwa. Hapo ndipo A. J. A. Waldock alipombana Wilson mwaka 1947, na mwaka huohuo Robert Heilman akaishambulia nadharia nzima ya Freud. Wilson alirudi kwenye makala yake zaidi ya mara moja, akipunguza hapa na kuongeza pale. Mwaka 1957 John Silver akaja na njia ya kutokea: mwalimu angeweza kupata habari za Quint kijijini. Wilson akaipokea njia hiyo kwa mikono miwili. Ni hoja ya wakili aliyebanwa, lakini kitabu hakiikatazi.

Hapo ndipo ufundi wa James unapoanza kuonekana. Kuacha fumbo kunahitaji kazi zaidi kuliko kutosema jibu. Kila kipande cha ushahidi lazima kipewe mlango wa pili, na milango yote iachwe wazi mpaka ukurasa wa mwisho. Aliyeibeba kazi hiyo kuliko wote ni Bi Grose.

Itazamwe barua ya shule. Siku za mwanzo kabisa mwalimu anapokea bahasha kutoka kwa mwajiri. Ndani yake mna barua nyingine, ya mkuu wa shule ya Miles, ambayo baba mkubwa hakuifungua hata lakiri yake. Mwalimu anaisoma usiku, peke yake chumbani. Kesho yake anampa Bi Grose habari kwamba mtoto amefukuzwa shule, na anamnyooshea barua. Mama huyo anarudisha mikono yake nyuma ya mgongo: mambo hayo si yangu, anasema kwa unyonge. Hajui kusoma. Basi mtu mzima mwingine pekee ambaye angeweza kusema barua ina nini hasa amefungiwa nje, na msomaji amefungiwa naye, kwa sababu maneno ya barua hayanukuliwi popote. Tunalo fungu moja tu: tafsiri ya mwalimu kwamba Miles lazima awe hatari kwa wenzake. Uovu wote wa kijana huyo, ambao kurasa zinazofuata zinautetemekea, umejengwa juu ya karatasi ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Mwishoni Miles anakiri tu kwamba alisema mambo fulani kwa watoto aliowapenda. Mambo gani? Kimya.

Katika dibaji ya 1908, James alieleza kanuni yake waziwazi. Ukimfanya msomaji aufikirie uovu mwenyewe, alisema kwa maneno yake, huna haja ya kuutaja. Kila mmoja ataujaza kwa anachokiogopa yeye. Kwa hiyo Mwingereza wa 1898 na msomaji wa leo mwenye masikio yaliyochoka na habari za unyanyasaji wa watoto wanaliona shimo moja na kulijaza vitu tofauti kabisa. Gazeti la The Independent, kwa hasira zake, lilikuwa likilaani kitu ambacho kwa sehemu kubwa lilikiandika lenyewe.

Tukio la pili la kuangaliwa kwa karibu liko ziwani, katika sura ya 20. Mara ya kwanza Bi Jessel alipotokea, Flora alikuwa amempa mgongo, akishughulika kuchomeka kijiti kwenye kibao chenye tundu apate mashua. Kwa mwalimu, kutogeuka huko kulikuwa ushahidi kwamba mtoto anajua. Mara hii Bi Grose naye yupo. Mwanamke aliyevaa nguo nyeusi anasimama ng'ambo ya maji, mwalimu anashangilia karibu kwa furaha kwamba sasa shahidi amepatikana, anamwonyesha kwa kidole. Bi Grose anakodoa macho na haoni kitu. Flora haoni kitu, anamgeukia mwalimu kwa chuki na kuomba aondolewe mbele yake.

Mwandishi mwingine angeiacha kesi iishie hapo. James hakufanya hivyo. Alfajiri Bi Grose anarudi ametahayari: usiku kucha Flora amekuwa akimtukana mwalimu kwa lugha chafu ambayo mtoto wa nyumba ile hakupaswa kuijua. Ameisikia wapi? Mama ambaye macho yake hayakuona sasa anaamini kwa masikio. Mzani uliokwenda upande wa wazimu unarudishwa katikati ndani ya kurasa chache, na aliyeurudisha ni shahidi yuleyule aliyeuangusha. Msomaji wa kambi ya Wilson anakumbuka ziwa. Msomaji wa kambi ya mizuka anakumbuka matusi. Wote wananukuu kweli.

Mchezo huo unarudiwa hata kwenye maneno ya mwisho ya Miles. Akibanwa aseme ni nani, anataja jina la Quint, kisha anatoa laana fupi isiyoonyesha inamlenga nani, mzuka wa dirishani au mwanamke aliyemkumbatia. Kistari tu kimewekwa kati ya jina na laana.

Jambo jingine wasomaji wengi hulipita bila kulitazama. Hadithi inaanza mkesha wa Krismasi, wageni wamezunguka moto katika nyumba kuukuu, na mmoja wao, Douglas, anasema anao mswada wa mwalimu huyo, aliyefariki miaka 20 nyuma na aliyewahi kumfundisha dada yake. Wasikilizaji wanaguna, wanatania, wanataka kujua mwalimu alimpenda nani. James ameweka wasomaji ndani ya kitabu kabla hata kisa hakijaanza. Kawaida ya hadithi ndani ya hadithi ni kurudi kwenye moto mwishoni, tusikie waliosikiliza wanasemaje. Yeye harudi. Miles anakufa, kitabu kinafungwa. Aliyekuwa na haki ya kutoa maoni ya kwanza amenyang'anywa nafasi, na nafasi hiyo imeachiwa kila anayeinua macho kutoka ukurasa wa mwisho.

Je, James mwenyewe aliamini nini? Katika barua kwa mwandishi mwenzake H. G. Wells, Desemba 1898, aliiita kazi ya kutafutia riziki na mchezo wa akili, akaeleza kwamba ilimbidi ampunguze mwalimu mambo ya nafsi yake ili mizuka ipate nafasi. Hilo linawapa nguvu wanaoamini mizuka. Lakini dibaji ya 1908 inaitaja hadithi kuwa mtego kwa wale wasionaswa kirahisi, na mtega mtego si shahidi wa kutegemewa. Alichokuwa wazi nacho ni ufundi. Mizuka iliyokuwa ikikusanywa na watafiti wa zama zake haikumfaa, maana haifanyi lolote ila kuonekana. Yeye alitaka yenye nia.

Waliojaribu kuihamishia kazi hiyo kwenye sanaa nyingine walionyesha, bila kukusudia, jinsi ilivyoshikamana na karatasi. Benjamin Britten aliifanya opera iliyoimbwa kwanza Venice mwaka 1954. Katika opera mwenye kuwepo lazima aimbe, na Britten akafungua sehemu ya pili kwa Quint na Bi Jessel wakiimba wao kwa wao, mwalimu hayupo. Kesi imekwisha: mizuka ipo. Jack Clayton, katika filamu The Innocents ya 1961, alikuwa mwangalifu zaidi. Mara nyingi tunauona kwanza uso wa Deborah Kerr ukishtuka, ndipo kamera itupe alichokiona, hata tusijue macho ni ya nani. Lakini naye alishindwa kujizuia: Bi Jessel anapotoweka darasani anaacha tone la chozi juu ya kibao cha kuandikia. James hakuwahi kumruhusu mzuka wake aache hata unyevu.

Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) anaweza kuona ametapeliwa. Huko maiti inakutwa mzimuni, watu wanatetemeka, lakini mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anafika, anauliza, na mwisho anataja binadamu aliyeua. Abdulla anaitumia hofu kama pazia na kulivuta kwa wakati. Ni ufundi wa aina nyingine, wala si mdogo kwa huu. Bly hapana Bwana Msa, na kila aliyejaribu kuichukua kazi yake, Wilson akiwemo, amelazimika kufumbia macho sura moja au mbili.

Mhakiki Shoshana Felman aliligeuza swali mwaka 1977: tazameni, alisema kwa maana hii, wahakiki wanavyokibana kitabu kitoe neno la mwisho kama mwalimu anavyombana Miles. Hoja yake ina haki zaidi kuliko za kambi zote mbili, ingawa aliirefusha kupita kiasi. Kitabu hakifichi jibu ambalo akili kali zaidi italipata, kwa kuwa jibu halikuwekwa.

Anayetaka kupima anaweza. James alifariki 1916 na kitabu kinapatikana bure. Asome mara ya kwanza kwa raha zake. Mara ya pili achukue karatasi yenye safu tatu: nani ametokea, nani mwingine alikuwepo, nani mwingine alikiri kumwona. Quint atajaza mistari minne na Bi Jessel minne. Safu ya tatu itabaki tupu.