Bomani alipaswa kukataa kile kiti

Septemba 1965 wapiga kura wa Mwanza walimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha mzima, na Mwalimu Nyerere akamrudisha bungeni kwa kiti cha kuteuliwa. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba Mwalimu aliokoa kipaji. Kipaji sikikatai. Nakataa njia, na namlaumu zaidi aliyekubali kupita.

Turudishe mkanda nyuma. Ule ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja: karibu kila jimbo wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Hakukuwa na mpinzani wa kusingiziwa wala hujuma ya chama kingine. Mkulima aliulizwa swali moja tu: kati ya hawa wako wawili, yupi anakufaa? Akajibu. Mfumo mzima ulisimama juu ya jibu hilo; ukiliondoa, sanduku la kura linabaki pambo.

Kisha anasikia kwamba yule aliyemkataa amepewa Wizara ya Uchumi na Mipango ya Maendeleo. Hapo anajifunza nini? Kwamba kura yake ni ushauri, na ushauri si lazima ufuatwe.

Tena kura ile ilikuwa na ujumbe. Wakulima wa pamba walikuwa wameanza kunung'unika juu ya makato, na mwaka uliofuata kamati ya Rais ilipochunguza ushirika nchi nzima, ilikuta malalamiko tele juu ya gharama na viongozi. Mwanza ilikuwa imeshasema. Bomani angerudi nyumbani miaka mitano, akakaa na wanachama wa vyama vya msingi, angeyasikia yote bila kamati. Badala yake alipandishwa juu zaidi, huko ambako manung'uniko hufika yakiwa ripoti.

Kazi yake ya awali haina ubishi: karani wa mgodi wa Mwadui, katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika Mwanza, wapimaji huru kwenye mizani ya wanunuzi, VFCU, shirikisho la vyama vya ushirika vya pamba, mwaka 1955, na kufikia 1959 pamba yote ya Jimbo la Ziwa inapitia ushirika. Hakuwa mkulima wa jembe, lakini wakulima ndio waliomtengeneza. TANU ilipigwa marufuku Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958, kwa hiyo jukwaa lilikuwa mizani. Hakuhitaji kuhutubia. Ratili zikitimia, mtu anajua nani yuko upande wake. Siasa safi kuliko hiyo sijaiona tena kanda hii.

Na mkulima wa wakati ule hakuwa wa kuchezewa. Mwaka 1958 watu wa Geita yetu hii walikataa baraza la mseto wa rangi walilobandikwa na Waingereza, wakaenda mpaka Mwanza kulalamika, wakapigwa mabomu ya machozi, na serikali ndiyo iliyorudi nyuma. Mkoloni alilazimika kuusikia mguu wa mkulima. Miaka saba baadaye, serikali ya mkulima mwenyewe haikuisikia kura yake.

Kutosikia huko kunanipeleka 1972. Halmashauri za wilaya zilipofutwa, diwani mkulima alikatiwa ngazi katikati, na ziliporudi mwaka 1984 waliozipanda walikuwa watu wengine. Nimeliandika hili mpaka wahariri wamechoka, nami bado. Mkulima amebaki jina tu: nendeni Kalangalala, hapa Geita, wakati wa kuchukua fomu. Kila mgombea kazi yake ni "mkulima", hata yule ambaye jembe lake pekee ni karasha la kuponda mawe ya dhahabu lililoko Nyarugusu. Mwaka 2019 wenyeviti wengi wa mitaa walipita bila kupingwa, na wengine wakajiita chaguo la wananchi bila aibu. Huo ni mchezo uleule wa 1965, ila safari hiyo wengi hatukwenda hata kwenye sanduku kwanza.

Narudi kwa Bomani, maana yeye nilimtegemea. Aliyeanzia kwenye mizani angejua kwamba mzigo ukipungua haujazwi kwa maneno ya mkubwa. Kwa kukubali kiti kile, wapiga kura wake wakawa mmoja tu. Mwaka 1972 huyo mmoja akamtuma ubalozi Washington, akakaa mpaka 1983, na hakuna chama cha msingi hata kimoja kilichoulizwa.